Ngitili Ambayo Hukuitoa

Guku,

Mwangaluka, babu yangu. Najua hii ni salamu ya asubuhi na sasa ni saa tisa alasiri, lakini wewe uliiitikia hata jua likizama, na mimi sijui nikusalimie vipi tena. Nimekaa dawati la nyuma, darasani, kidato cha tatu. Wenzangu wako nje wanafyeka uwanja kwa ajili ya wageni wa Ijumaa. Nimemwambia mwalimu wa zamu kwamba kichwa kinaniuma. Si uongo sana.

Imepita miezi saba. Bibi anasema mtu aliyezikwa huongeleshwa kwa mdomo, haandikiwi. Lakini kwa mdomo mimi siwezi, unanijua. Hata ulipokuwa hai nilikuwa naandika kwanza kwenye daftari kile nilichotaka kukuomba, halafu nakuja kukisema haraka haraka nikitazama miguu yako.

Nianze na kosa langu, kwa sababu nisipolianza hili sitaweza kuandika mengine. Ni mimi niliyekusomea zuio la mahakama.

Unakumbuka siku ile. Yule dada wakili, wa msaada wa kisheria, aliituma ile karatasi kwa basi, na baba mdogo Masunga akaenda Bariadi kuichukua stendi. Ilikuwa kwa Kiingereza. Ulinikalisha mimi kwenye kigoda chako, wewe ukakaa chini kwenye ngozi. Nilikuwa kidato cha kwanza tu, na nilijivuna, Guku, nisikufiche. Nilifungua kamusi mara nyingi kuliko nilivyohitaji ili uone jinsi ninavyojua kuitumia. Nikakwambia mahakama imesema kwamba mpaka kesi iishe, upande wowote usiguse ngitili yako ya malisho. Halmashauri isijenge. Wewe usilishe wala usikate nyasi.

"Pande mbili?" ukaniuliza.

Nikasema pande mbili. Ukaniambia nirudie, nikarudia. Ukasema, "Hiyo naielewa. Ni kufunga ngitili."

Ukafurahi kabisa. Ulikuwa umeogopa kwamba sheria ni kitu cha ajabu cha watu wa mjini, kumbe ni kitu ulichokifanya maisha yako yote. Nikiwa mdogo ulinifundisha kwamba nyasi za ngitili hufungiwa tangu mvua za kwanza, zinaachwa zisimame, hakuna ng'ombe anayeingia, hata wa mwenye eneo, mpaka kiangazi kikali kifike na malisho ya nje yaishe. Ndiyo maana yule mpimaji wa halmashauri alipokuja mwezi wa tatu akaziona nyasi zimefika kifuani na hakuna alama hata ya kwato moja, aliandika kwenye fomu yake kwamba eneo ni wazi na halitumiki. Angekuja mwezi wa tisa angekuta ng'ombe wako na wa majirani wawili wamejaa humo mpaka kwenye uzio wa minyaa. Alikosea miezi tu. Kesi yote ilitoka kwenye miezi hiyo.

Basi kiangazi kikaja, na ngitili ukaifunga. Mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Nyasi zimesimama, zimekauka vizuri zikawa rangi ya ngano, na ng'ombe wetu wanazitazama kwa nje. Baba mdogo alikuwa anawapeleka mbali, kuelekea Meatu, wanarudi mbavu zikihesabika. Mkakata majani ya miti. Mkawapa mabua ya mahindi ya nyuma ya nyumba. Wale maksai wawili wa jembe wakaanguka wiki moja, na yule mtamba uliyesema ni wa mahari ya kaka yangu, huyo alilala asubuhi akakataa kuamka. Nilikushikia kamba tukijaribu kumwinua. Sikuweza kukutazama.

Watu walikucheka. Pale kwenye mashine ya kusaga walikuwa wanasema Mzee Shigela amefungwa na mjukuu wake. Walipokuwa wananiona nimeshika kitabu njiani walikuwa wananiuliza, "Mheshimiwa hakimu, leo umetuandalia nini, na sisi tukalale njaa?" Na baba mdogo, siku moja alikuja kwako amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema, "Baba, hakimu hana ng'ombe."

Ukamjibu taratibu. Ulisema, "Minza amesoma. Imeandikwa pande mbili. Sisi ni upande mmoja."

Angalau ungenikemea hata mara moja. Hukunikemea.

Mwezi wa kumi na mbili malori yakamwaga mchanga na mawe ndani ya ngitili. Wewe ulikwenda huko kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu, umeishika nakala ya zuio ndani ya mfuko wa nailoni. Fundi mkuu alikusikiliza kwa adabu, akakupisha ukae kwenye ndoo, kisha akakwambia, mzee, mimi nimeletwa kufanya kazi, ongea na walionileta. Ukaenda kwa mtendaji wa kata. Mtendaji akasema limetoka juu. Ulirudi nyumbani ukasema hawajaelewa. Ulisema karatasi ile ni ya Kiingereza, na watu wana haya kusema hawajui Kiingereza, kwa hiyo wameiweka tu.

Hapo nikaandika tafsiri. Nakala nne za ofisi na moja yako, kwa mkono, karatasi za daftari la hesabu, herufi kubwa. Ulizipeleka ofisi nne, siku mbili, na kila ofisi ikakugongea muhuri kwenye nakala yako: IMEPOKELEWA. Uliporudi uliniita kabla hujavua hata viatu. Ulinionyesha ile mihuri ya bluu kama mtu anayeonyesha picha za watoto. Ulidhani wamekubali. Ulidhani ofisi ikigonga muhuri kwenye jambo, imelikubali jambo hilo. Nami nilijua sivyo, Guku. Nilijua maana yake ni kwamba karatasi imefika mezani, basi. Nikakuacha ufurahi. Sijui kama hilo nalo ni kosa.

Kiangazi cha pili nacho hukuingiza ng'ombe, ingawa robo ya nyasi ilikuwa tayari chini ya tofali. Ulisema wao kuvunja amri hakukufanyi wewe uivunje. Ukuta ulifika kwenye lenta hukumu ilipotoka.

Kesi hiyo uliishinda. Niandike tena, nisije nikasahau: uliishinda. Hukumu ilisema eneo ni lako kwa matumizi ya miaka mingi, kwamba kufunga malisho ni kuyatumia, na kwamba halmashauri iondoke na kuchukua mawe yake ya mipaka. Wakili alipiga simu akiwa analia kidogo. Wewe ulivaa kofia, ukaenda kukaa kwenye mashine ya kusaga, ukakaa tu pale mpaka kila mtu aje akusalimie. Bibi alisema hajakuona hivyo tangu harusi yenu.

Wiki mbili baadaye walileta mabati wakaezeka.

Mengine unayajua mpaka siku ile presha ilipokuangusha zizini. Sasa nikueleze usiyoyajua.

Watu walikuja wengi kukuzika. Wanaume walichimba tangu alfajiri, wakiwemo wale waliokucheka. Na halmashauri ilikuja. Walikuja na gari mbili, wakaleta sukari, mchele na kreti za soda, na baba mdogo akawapokea, angefanyaje, huwezi kumfukuza mtu msibani. Kabla jeneza halijashushwa, ofisa mmoja alisimama kusoma salamu za rambirambi. Alisoma vizuri, ana sauti. Akasema umetutoka mzee mpenda maendeleo, ambaye alijitolea kutoa ardhi yake ili mabinti wa kata hii wapate bweni.

Alijitolea.

Watu wakaguna ule mguno wa kukubali. Bibi hakusikia, alikuwa amefunikwa kanga na shangazi. Mimi nilisikia. Nilikuwa hatua tano kutoka kwa yule ofisa, nimeshika shada la maua. Nilisema moyoni, nitasema sasa, nikahesabu mpaka tatu, nikahesabu tena mpaka tatu. Kisha jeneza likashushwa, na baada ya hapo hakukuwa na nafasi ya kusema kitu chochote.

Mwezi uliofuata nilikwenda na baba mdogo kwenye ofisi zao, tuipeleke hukumu. Alinichukua kwa sababu yeye husoma polepole. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa saba. Mwanasheria wao ni kijana, amevaa miwani, mpole sana, na upole wake ndio uliotumaliza. Alisema hukumu anayo. Hakuna aliyeikataa. Wanaiheshimu.

"Sasa mtatoka lini?" baba mdogo akauliza.

"Kutoka ni mchakato, mzee wangu. Bweni limeingizwa kwenye mpango. Kulibomoa nako kunahitaji mpango." Kisha akatutazama kwa huruma. "Halafu hukumu imempa marehemu. Ninyi mna barua za mirathi?"

Hatukuwa nazo. Nikamuuliza, na sauti yangu ilitoka ndogo kama ya kuku mgonjwa, kama mirathi ikipatikana wataondoka. Akavua miwani akaifuta. Alisema, "Mdogo wangu, nikuambie ukweli kwa sababu naona unasoma. Hapana."

Tulipotoka tulimpigia wakili. Akatueleza kwamba ukishinda kesi dhidi ya mtu wa kawaida na akakaidi, unakazia hukumu: anakuja dalali wa mahakama anachukua mali yake. Nilikumbuka jirani yetu aliyeshindwa kesi ya mpaka, jinsi dalali alivyobeba jembe lake la kukokotwa na baiskeli kabla hata chai haijachemka. Lakini mali ya serikali haishikwi, alisema wakili. Huwezi kuchukua gari lao wala meza yao. Unaweza kuandika barua, kukumbusha, kuomba mahakama iwaite wajieleze, kusubiri. Wakija watasema wanaheshimu.

Tangu siku hiyo nawaza jambo moja tu, hata kwenye kipindi cha hesabu. Nawaza kwa nini wewe ulitii. Wewe hukuwekewa polisi. Hakuna dalali aliyekuja kwako. Ungeweza kufungua ule uzio asubuhi moja, na hakuna ambaye angekushitaki.

Nadhani nimepata jibu, niambie kama nimekosea. Uliniambia kwamba zamani mtu akiingiza ng'ombe kwenye ngitili iliyofungwa hapigwi. Watu wanamwacha tu. Haombwi kitu wala hapewi kitu, hasalimiwi, na akifiwa, hakuna anayekuja kuchimba. Kwa hiyo hata mkaidi alitii, maana kila mtu ana siku yake ya kufiwa. Wewe uliitazama mahakama kwa macho hayo. Ulidhani halmashauri nayo ni jirani, ina haya, inaogopa kuachwa.

Lakini halmashauri haifiwi, Guku. Ofisa akihamishwa anakuja mwingine, hajui lolote, anakukaribisha kiti na kukuuliza shida yako ni nini. Haina siku ya kuhitaji watu waje kuchimba. Nimesoma kwenye kitabu cha uraia kwamba mihimili ni mitatu na kila mmoja unauchunga mwenzake. Nimejibu swali hilo kwenye mtihani, nimepata alama zote. Sijui mwalimu angenipa ngapi kama ningeandika ninachokijua.

Nisiwaonee. Yapo waliyotii. Mahakama ilipowaambia wafungue tena barabara ya kwenda ginari, pamba inakochambuliwa, waliifungua siku ileile, kwa sababu malori ya pamba yalikuwa yamepanga foleni na madereva wanapiga honi nje ya ofisi. Wewe ulikuwa na nyasi, na nyasi hazipigi honi. Na walikuwa na akili, lazima niseme. Hawakujenga ofisi wala nyumba ya mkurugenzi. Walijenga bweni la wasichana. Nani atasimama aseme bweni la wasichana libomolewe? Hata mimi siwezi. Njia ya kutoka nyumbani mpaka shuleni, hapa jirani na ngitili, ni ileile ya saa moja na nusu, yenye yale mashamba ya pamba na vijana wa pikipiki. Mwaka jana wasichana wawili wa darasa letu waliacha shule kwa sababu ya njia hiyo. Mmoja alikuwa anakaa dawati hili.

Basi sasa wameleta habari nyingine. Walikuja nyumbani wiki tatu zilizopita, wakamkuta baba mdogo na mama yangu. Wanataka kuliita bweni kwa jina lako. Bweni la Mzee Shigela. Na kwa heshima hiyo, mjukuu atapata kitanda bila foleni. Baba mdogo asaini tu kwamba familia imefurahi.

Alikaa na ile karatasi siku mbili. Siku ya tatu alinikuta nachota maji, akasimama pembeni, akasema, "Minza, ng'ombe waliobaki ni wanne. Ngitili ya nini tena?" Akasaini. Usimkasirikie. Ndiye aliyetembea na ng'ombe mpaka Meatu wakati mimi na wewe tunasoma.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu aliniita. Ijumaa ni uzinduzi. Aliniandalia neno la shukrani la familia, limechapwa, ukurasa mmoja, nilisome mimi mbele ya wageni kwa sababu nina jina lako na Kiswahili changu ni kizuri. Nililisoma nikiwa nimesimama mbele ya meza yake. Mstari wa pili unasema babu yangu alijitolea.

Nilimwomba mstari huo niubadilishe. Nilimwambia kuna hukumu. Alisema anajua, wote wanajua. Alisema, bila ukali, "Sasa unataka nikafanye nini, mwanangu?" Na nilimwona kweli hana la kufanya. Ni mwalimu mkuu tu, bweni hakujenga yeye, na wasichana wanalihitaji.

Nikaiweka karatasi mezani. Nilisema, "Siwezi kulisoma, mwalimu." Hayo tu. Sikusema lolote la maana, sikutaja sheria. Nilidhani atanichapa au atamwita mama. Hakukasirika. Aliichukua karatasi akaikunja, na kesho yake nilimsikia Kabula wa kidato cha nne anafanya mazoezi nyuma ya jiko. Kabula ana sauti kubwa nzuri. Atalisoma vizuri kuliko mimi.

Hivyo ndivyo nilivyokataa, na hakuna kilichotokea. Kibao kimeshaandikwa. Nimekiona kimeegemezwa ukutani, rangi bado mbichi, jina lako limeandikwa sawa. Nilitaka nione wamekosea.

Na kitanda nitakichukua. Mama amesema, na mama ana haki, yeye ndiye asiyelala mimi nikichelewa. Jumapili nitahamia na godoro na sanduku. Nitalala kwenye ngitili, Guku. Upande ule wa mashariki, nimeuliza, ndiko ulikokuwa mlango wa kuingilia ng'ombe. Nisamehe kwa hilo, na nisamehe kwa kukusomea kwa majivuno, na kwa kuhesabu mpaka tatu nikanyamaza.

Siahidi kwamba nitakuwa wakili. Kila mtu anayesikia habari hii ananiambia hivyo, usome uwe wakili, kana kwamba hatukuwa na wakili, na mzuri, na tukashinda. Sijui nitakuwa nani. Ninachoweza kuahidi ni kidogo, na nimekipima nikaona ninakiweza hata kwa aibu yangu. Wasichana huulizana mambo wakishalala kitandani. Siku moja mmoja atauliza Mzee Shigela alikuwa nani, na eneo hili alilitoa lini. Nitamjibu kwa sauti ya kawaida. Nitamwambia ni babu yangu, na hakulitoa.

Lala salama, Guku. Bibi anakula vizuri.

Mjukuu wako,
Minza